Ukaguzi wa Magereza na Suala la Mkalimani

Ndugu mwenyekiti, maafisa wa magereza mliostaafu, na vijana wetu wa sheria, nawasalimu kwa heshima.

Katika mijadala ya ukaguzi wa magereza hapa Uganda kuna jambo lisilopewa uzito wake, nalo ni lugha anayotumia mfungwa anapozungumza na mkaguzi, na sikio la tatu linalomsikiliza.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 52, imeipa Tume ya Haki za Binadamu kazi ya kutembelea magereza, na mahakimu pia wana mamlaka ya kuingia na kukagua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso tulijiunga nao mwaka 1986, lakini Itifaki yake ya Hiari ya mwaka 2002, inayodai kila nchi iwe na chombo huru cha kuzuia mateso, bado hatujairidhia, ilhali jirani zetu wa Rwanda wamekwishajiunga. Nasi tujiunge, tena bila kuchelewa.

Hata hivyo, Kanuni za Mandela za mwaka 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zinataka mkaguzi aingie bila taarifa na azungumze na wafungwa kwa faragha, na hapo kwenye faragha ndipo tunapokwama. Mfungwa kutoka Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, anayejua lugha ya kwao tu, akiletwa mbele ya mkaguzi aliyetoka Kampala, mkalimani wa karibu ni askari wa zamu, au katikiro, yaani mfungwa aliyepewa madaraka juu ya wenzake. Aliyepigwa akifanya kazi katika shamba la gereza atalisemaje hilo kupitia kinywa cha mtu atakayelala naye chumba kimoja usiku huohuo? Atajibu kwamba hakuna shida, na hilo ndilo litakaloandikwa. Isitoshe, magereza yetu yamebeba watu zaidi ya mara tatu ya nafasi yake. Humo hakuna siri ya nani aliyekaa muda mrefu na mgeni.

Kwa hiyo naomba wakaguzi waje na wakalimani wao wenyewe, wazungumze na wengi ili asijulikane aliyesema, wawasikilize askari vilevile, kisha warudi baada ya wiki chache kuwatafuta walewale. Na aliyehamishiwa gereza jingine, daftari la gereza lieleze sababu. Tena taarifa ya kila mwaka ya Tume inayopelekwa Bungeni ioneshe, kwa kila gereza lililotembelewa, ni nani aliyefasiri.