Foleni ya Mabaharia na Mstari Mnene

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie tatuu za kizamani za Marekani: nanga, mbayuwayu, waridi, moyo uliochomwa jambia. Siku hizi vijana wanazichora upya, na wengi hudhani zilichorwa kwa mistari minene na rangi chache kwa sababu wachoraji wa zamani walipenda hivyo. Mimi naona haraka ndiyo iliyoamua, mapenzi yakafuata nyuma.

Mashine ilikuwepo tayari. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu, akiijenga juu ya wazo la kalamu ya umeme ya Thomas Edison, iliyokuwa ikitoboa karatasi ili watu watoe nakala. Kufikia miaka ya 1940, karibu kila bandari kubwa ya Marekani ilikuwa na mtu mwenye mashine na kibanda.

Sasa twende Honolulu, visiwani Hawaii, mtaa wa Hotel Street. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani hukohuko, Desemba 1941, Hawaii ikawa njia panda ya vita vya Pasifiki. Manowari zikitia nanga, maelfu ya vijana wanashuka na ruhusa ya saa chache tu. Foleni kwenye baa, foleni kwenye madanguro, foleni kwa mchora tatuu. Kijana wa namna hiyo haketi kubuni mchoro. Anatazama karatasi za michoro zilizojaa ukutani, ananyosha kidole, anakunja shati.

Tazameni kazi yenyewe ilivyokwenda. Mchoraji ananyoa vinyweleo, anapaka vaselini kidogo. Anachukua kipande cha plastiki ambacho mchoro umechongwa juu yake kwa ncha kali, anasugua unga wa mkaa uingie kwenye mifereji, halafu anakibandika kwenye ngozi. Kikitoka, mkaa unabaki. Kuanzia hapo anakimbizana na wakati, maana kila akifuta damu na wino anaweza kuufuta mchoro nao. Ndiyo maana alianzia chini akapanda juu, ili mkono unaofuta usipite pale ambapo bado hajachora. Kwa mkaa na vaselini huwezi kunakili unyoya mmoja mmoja wa ndege. Unanakili umbo: bawa, mdomo, mkia uliogawanyika mara mbili.

Kisha kuna ngozi yenyewe. Miaka ikienda wino hutawanyika, na mistari miwili myembamba iliyokaribiana huungana ikawa doa. Wachoraji waliliona hilo kwa wateja wao waliorudi, wakaamua: mstari mnene kwanza, kivuli kizito cheusi, halafu nyekundu, kijani na manjano, na sehemu kubwa ya ngozi iachwe wazi. Rangi nyingine zilikuwa shida kupatikana, au zilichakaa vibaya.

Aliyelifanya hili kuwa ufundi wa kuheshimika, kwa maoni yangu kuliko mwingine yeyote, ni August Coleman, maarufu kama Cap Coleman, wa Norfolk, Virginia, mji wa jeshi la majini. Mwaka 1936 jumba la makumbusho la mabaharia la Newport News lilinunua karatasi zake za michoro. Fikirieni, wakati ambapo watu wa heshima walimhesabu mchora tatuu pamoja na wahuni! Mwaka 1950 mji huohuo wa Norfolk ukapiga marufuku kazi yake, naye akavuka mto kwenda Portsmouth.

Maana za michoro sitazichelewesha, mmezisikia. Mbayuwayu kwa maili elfu tano za baharini, merikebu yenye matanga yote kwa aliyezunguka Cape Horn, rasi ya kusini kabisa ya Amerika Kusini, nguruwe na jogoo miguuni ili usizame. Linalonifurahisha zaidi ni lile la wanawake uchi. Tangu 1909 jeshi la majini la Marekani lilikataa waombaji wenye tatuu za aibu, ila liliwapa nafasi ya kuzirekebisha. Kwa hiyo wachoraji walipata kazi ya ushonaji: kumvalisha sketi mwanamke aliyekwisha kuchorwa. Husimuliwa kwamba mchoraji Charlie Wagner wa New York, aliposhtakiwa wakati wa vita kwa kutosafisha sindano, alijitetea kuwa alizidiwa na kazi hiyo ya kizalendo. Hakimu alimtoza faini, akamwambia akazisafishe.

Kesi ile ilichekesha, lakini uchafu haukuwa mzaha. Katika vibanda vingi sponji moja na ndoo moja vilipita kwa wateja wote. Mwaka 1961 jiji la New York lilipiga marufuku tatuu kwa kutaja homa ya ini, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1997.

Huko Honolulu, mchoraji Norman Collins, yaani Sailor Jerry, alishika njia nyingine. Alisafisha vifaa kwa mashine ya mvuke, akatafuta rangi mpya, zambarau ikiwemo, na akaandikiana barua na Horihide, bingwa wa tatuu wa mji wa Gifu, Japani. Ajabu kidogo, kwa mtu aliyekuwa na kinyongo na Wajapani kwa sababu ya Pearl Harbor. Kutoka kwao alijifunza kuuona mgongo mzima kama mchoro mmoja, wenye mawimbi na upepo vinavyounganisha kila kitu, badala ya kubandika picha moja hapa na nyingine pale.

Alifariki Juni 1973, akiwa ameacha agizo kwamba duka liuzwe kwa mmoja wa wenzake watatu, la sivyo vyote vichomwe moto. Mike Malone alilinunua. Mwenzake Ed Hardy, mmoja wa wale watatu, mwaka huohuo alikwenda Gifu kufanya kazi kwa Horihide, na mwaka 1974 alifungua duka San Francisco ambalo hukuweza kuingia tu ukitokea barabarani. Uliweka miadi, ukaeleza unachotaka, naye akakuchorea cha kwako peke yako.