Jicho la Sahara: kimondo kilianguka, au ardhi ilivimba?

Haya, kabla sijasema chochote angalieni kwanza hii picha ukutani. Duara ndani ya duara ndani ya duara, jangwa pande zote. Hii iko Mauritania, nyanda za Adrar, karibu na mji wa kale wa Ouadane. Jina lake ni Guelb er Richat ila mtandaoni wengi mnaijua kama Jicho la Sahara. Upana wake kama kilomita 40. Wale mliowahi kusimama ukingoni mwa Ngorongoro mkatazama ng'ambo ya pili, ile ni kama kilomita 20 hivi, sasa weka Ngorongoro mbili kwa mstari ndio mnaipata Richat.

Ukiona kitu kama hiki kutoka juu akili inakimbilia kimondo, na siwalaumu, hata wasomi walikimbilia hukohuko. Mwaka 1965 wanaanga wa Gemini 4, James McDivitt na Ed White, waliipiga picha kutoka angani na dunia nzima ikaanza kuizungumzia. Wengine wanasema eti wao ndio waliigundua, hapana, watafiti wa Kifaransa walishafika pale kabla, akiwemo mwanasayansi Théodore Monod ambaye Sahara aliizunguka kwa ngamia na kwa miguu maisha yake yote.

Sasa hapa ndipo patamu. Miaka hiyohiyo ya 60 watafiti wakatangaza wameona koesaiti kwenye mawe ya Richat. Koesaiti ni nini, ni ileile kwatzi, haya madini ya kawaida yaliyojaa kwenye mchanga, lakini imebanwa kwa nguvu kubwa mno, na ukiikuta juu ya ardhi ndani ya duara namna hii basi kimondo kinakuwa mshukiwa namba moja. Kwa hiyo watu wakaona kesi imekwisha. Kumbe yale madini yalipopimwa upya yakaonekana ni barayti, madini ya kawaida kabisa ambayo hayahitaji kimondo. Mimi hili linaniuma mpaka leo kwa sababu ile habari ya kwanza bado inazunguka, watu wanarushiana, masahihisho hayarushwi na mtu.

Mwaka 1969 Robert Dietz na wenzake Fudali na Cassidy wakaandika wazi kwamba Richat sio kovu la kimondo. Na nataka mmjue huyu Dietz. Ndiye aliyebuni hata jina la kitaalamu la makovu ya vimondo, alipigania vimondo wakati wanajiolojia wengi hawataki hata kusikia. Yaani kama kuna mtu angefurahi kuipata kreta ya kilomita 40 ni yeye, na akatazama mawe akasema hapana, hapa hakuna.

Kimondo kikubwa kikipiga kinaacha alama huwezi kuzificha. Kwatzi inapata mistari midogo sana ndani yake, unaiona kwa hadubini, mwamba unapasuka kwa umbo la koni koni, mwingine unayeyuka kabisa, na matabaka yanavurugwa vibaya. Richat matabaka yamelala taratibu tu yakiinamia nje kila upande, na hizo alama nyingine hazipo.

Sasa ilitokeaje? Chukua chapati kumi zilizorundikwa, ingiza ngumi chini yake uzinyanyue katikati, halafu kata ule mwinuko kwa kisu kilichonyooka. Ukitazama kutoka juu utaona nini? Maduara. Na ile chapati ya chini kabisa ndiyo iko katikati. Richat ni hivyo hivyo, miamba ya zamani zaidi iko katikati, kadiri unavyotoka nje unakutana na miamba yenye umri mdogo zaidi. Kisu ni mmomonyoko wa mamilioni ya miaka, miamba laini ikaliwa ikawa mabonde, ile migumu ikabaki kama kuta, basi.

Ngumi ni magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi. Mwaka 2005 Guillaume Matton, Michel Jébrak na James Lee walichapisha kazi ambayo kwangu ndiyo imefunga hoja kubwa. Magma ilipanda kama miaka milioni 100 iliyopita, ikainua matabaka, ikajipenyeza kwenye nyufa ikaacha mapete mawili ya gabro, mwamba mgumu mweusi wa magma iliyopoa, kisha maji ya moto yakala mawe ya chokaa katikati, yakatoboa, juu pakaporomoka, na ndio maana kitovuni kuna rundo kubwa la mawe yaliyovunjikavunjika. Wale wa kimondo walikuwa wanaonyesha rundo hilohilo kama ushahidi wao!

Na kule Richat kuna kimberlaiti na kabonataiti. Watu wa Shinyanga hapa mnacheka, kimberlaiti ndiyo ule mwamba wa mgodi wa Mwadui, ndiko inakotoka almasi. Kabonataiti ni mwamba wa magma wenye madini ya jamii ya chokaa, familia moja na Ol Doinyo Lengai, volkeno pekee duniani ambayo leo bado inatema lava ya aina hiyo.

Ila msiondoke mkidhani kila duara ni magma. Utah, Marekani, ndani ya hifadhi ya Canyonlands kuna Upheaval Dome, upana kama kilomita 5, miaka mingi wengi walisema ni chumvi ya chini ya ardhi ndiyo ilisukuma miamba juu, na hoja zao zilikuwa nzuri kwa sababu kweli chini kuna chumvi nyingi. Mwaka 2008 Buchner na Kenkmann wakapata ile kwatzi yenye mistari, na mizani ikaegemea upande wa kimondo. Swali ni lilelile na vipimo ni vilevile, mawe tu ndiyo yamejibu tofauti.

Kuna kaka ameuliza pale nyuma kama Richat ndiyo Atlantis, ule mji wa hadithi unaosemwa ulizama baharini. Kaka yangu, hapo ni zaidi ya kilomita 500 kutoka baharini, na yale mapete ni miamba ya asili, hakuna ukuta uliojengwa na mtu. Kilichopatikana ni zana za mawe za watu wa kale sana, na hizo zinastahili heshima zaidi ya huo mji wa kufikirika.

Sasa nimewaletea kipande cha kabonataiti kutoka Panda Hill, Mbeya. Kipitisheni. Nimekikwangua hapa pembeni kupata unga, dada wa mbele naomba udondoshee hiyo siki taratibu, wengine sogeeni muone. Mnaona povu? Jiwe hili lilitoka kwenye magma, na linatoa povu kama chokaa.