Tunisia: Serikali Iliyojificha Nyuma ya Hitilafu

Waheshimiwa walimu, wageni wetu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie upinzani wa mtandaoni katika nchi ambazo dola inachuja intaneti. Nimechagua nchi moja tu, Tunisia ya Rais Zine El Abidine Ben Ali, maana pale udhibiti ulifanya jambo la kikatili kuliko kufunga kurasa. Ulijifanya haupo.

Mwaka 1996 uliundwa Wakala wa Intaneti wa Tunisia, na kampuni zote zilizouza huduma hiyo zikapitia kwake. Ukifungua ukurasa uliopigwa marufuku, huambiwi kwamba umezuiwa. Unaletewa ujumbe wa 404: ukurasa haupatikani. Anayeambiwa "marufuku" anamjua wa kumlaumu. Anayeambiwa "haupatikani" anadhani amekosea anwani, au laini ni mbovu, anazima kompyuta anaenda zake. Utamshtaki nani? Watunisia wakampa mdhibiti huyo jina, Ammar 404, wakamchora vibonzo na kumsema hadharani, mpaka asiyeonekana akawa na sura.

Waliotangulia walilipa. Zouhair Yahyaoui, mwanzilishi wa jarida la mtandaoni TUNeZINE, aliwauliza wasomaji wake kama Tunisia ni jamhuri, ufalme, bustani ya wanyama au gereza. Juni 2002 polisi walimkamata katika mkahawa wa intaneti, akafungwa, akagoma kula zaidi ya mara moja. Aliachiwa Novemba 2003, akafariki Machi 2005 akiwa na miaka 37. Miezi minane baadaye Umoja wa Mataifa ulifanya Tunis mkutano wake mkuu kuhusu jamii ya habari. Wajumbe wa dunia nzima walikwenda kujadili intaneti katika mji huo! Hilo bado linaniuma.

Tendo ninalolipenda kuliko yote ni la Mei 2010. Wanaharakati wa mtandaoni Slim Amamou na Yassine Ayari waliamua kuandaa maandamano dhidi ya udhibiti, na hawakujificha. Walipeleka taarifa Wizara ya Mambo ya Ndani kama sheria inavyotaka, na kila hatua wakaitangaza mtandaoni. Wizara ililazimika kuonekana ikikataa. Siku moja kabla ya maandamano walikamatwa, wakalazimishwa kuyaahirisha. Hata hivyo, tarehe 22 vijana waliovaa nguo nyeupe walikwenda kuketi mikahawani kwenye Barabara ya Habib Bourguiba. Ni kunywa kahawa tu, lakini kila mmoja aliona kwamba hayuko peke yake.

Desemba 17 mwaka huohuo mchuuzi Mohamed Bouazizi alijichoma moto katika mji wa Sidi Bouzid, na maandamano yakaenea nchini. Uasi wa wachimbaji wa fosfati huko Gafsa mwaka 2008 ulikuwa umezingirwa, na nchi nzima haikuuona. Safari hii takriban watu milioni 2 walikuwa Facebook, na video zao zilichukuliwa na Al Jazeera na kurudi majumbani kwa njia ya televisheni. Dola ilijibu kwa kupenyeza msimbo kwenye kurasa za kuingilia Facebook na Gmail ili kuiba nywila za raia. Januari 13 Ben Ali aliahidi kuondoa udhibiti. Kesho yake alikimbia nchi. Wanaoyaita mapinduzi ya Facebook, nawaomba wawakumbuke waandamanaji waliopigwa risasi katika miji ya Thala na Kasserine. Video ilipeleka habari zao. Waliosimama mbele ya bunduki ni wao.

Leo Ammar hayupo. Lakini tangu Septemba 2022 ipo Amri ya 54, inayompa kifungo cha hadi miaka 5 anayedaiwa kueneza habari za uongo, na mara mbili yake zikimhusu afisa wa umma. Mei 2024 wakili Sonia Dahmani alikamatwa na askari waliofunika nyuso, ndani ya jengo la chama cha mawakili, kwa maneno aliyoyasema kwenye televisheni. Ukurasa unafunguka sasa. Anayechukuliwa ni aliyeuandika. Njia za panya tulizozizoea, yaani proksi (kompyuta za kati za kukwepa kizuizi) na majina ya bandia, hazimsaidii anayesema kwa jina na uso wake. Ningependa maswali yenu yaanzie hapo.