Hupandwa, Haipandi, Hupandishwa: Jeraniamu Ukutani

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama kule mlangoni, hamjambo. Nashukuru kwa kunipa Jumamosi yenu.

Nina kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Njoro, na kila wiki hakosi mtu wa kuniambia, "Mama, nataka ile jeraniamu ya kupanda ukuta." Neno hilo "kupanda" Kiswahili chetu kimelipa kazi mbili: kuna kupanda mche, na kuna kupanda mlima. Ua hili la jeraniamu hupandwa vizuri sana. Kupanda yenyewe, haipandi. Hupandishwa. Nimekuja leo kwa ajili ya neno hilo la tatu.

Tazameni mmea wa pasheni. Una vikono vidogo vinavyojizungusha kwenye waya hata usipokuwepo. Bogenvilia ina miiba ya kujishikiza. Ule mtini mdogo unaotambaa juu ya mawe hutoa vijizizi vinavyonata. Jeraniamu haina chochote katika hivyo. Kwao porini, Afrika Kusini upande wa Cape, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa nta huishi kwa kuegemea vichaka. Inapenyeza shina katikati ya matawi ya mwenzake, inatokeza kichwa juani, basi imefika. Ukiondoa kichaka, inalala chini. Kwa hiyo ukiileta kwenye ukuta mtupu wa mawe pale Section 58 au Lanet, hapa kwetu Nakuru, na kuiacha, itatambaa mchangani mpaka kwenye lango, nawe utaniletea lawama kwamba nimekuuzia mche mbaya. Kichaka cha kuegemea ni wewe na waya wako.

Kidogo kuhusu jina, maana huwachanganya wengi. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiweka mimea hii pamoja na jeraniamu za porini za Ulaya. Mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier akaitenga, akaipa jina la Pelargonium. Ndiyo maana kitabuni utasoma pelagoniamu na sokoni utasikia jeraniamu. Majina yote mawili yametokana na ndege, kwa sababu tunda la mmea huu ni refu na limechongoka kama mdomo. Wagiriki walikuwa na neno moja la ndege huyu na jingine la yule. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Nakuru tunawaita wote korongo, na nadhani hatujakosea, kwa sababu tunda ni lilelile. Ukilikuta limekomaa kwenye ukuta wako, lishike uone: mdomo wa korongo hasa, na mbegu tano zimejibana chini yake.

Sasa ukuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vitabu vya nje vinatupoteza. Kitabu cha Uingereza kitakwambia utafute ukuta unaotazama kusini. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo wamesema kweli. Nakuru iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Jua letu la saa sita linahama: mwezi Juni liko upande wa kaskazini, Desemba limehamia kusini. Ukuta unaotazama kusini utakaa kivulini katikati ya mwaka, na ule wa kaskazini utakosa jua wakati wa Krismasi. Ukuta usiobahatisha ni ule wa mashariki. Unapata jua kuanzia asubuhi mpaka saa sita, siku zote za mwaka, na jua hilo la asubuhi linakausha umande juu ya majani mapema. Ukuta wa magharibi pia hupata jua, lakini la alasiri, na mawe hushika joto kama jiko. Isitoshe, mvua zetu hupenda kuja alasiri. Jani lililolowa saa kumi na moja jioni hulala na maji usiku kucha, na hapo ndipo kutu inapoanza, zile duara za unga wa kahawia chini ya jani. Ukiziona, chuma jani, lichome, wala usilitupe kwenye mboji.

Usichimbe shimo likagusa msingi. Chini ya mabati udongo haupati mvua, ni mkavu hata Aprili. Sogea kama sentimita 40 kutoka ukutani, kisha uinamishe mche uelekee ukuta. Udongo wetu wa volkano unapitisha maji upesi, na jeraniamu hufurahia hivyo. Samadi nyingi sana itakupa majani makubwa kama sahani na maua mawili matatu.

Waya uwe umeshatangulia kabla ya mche. Piga misumari mirefu kwenye lipu ya katikati ya mawe, ikae nje kama sentimita tano, uvute waya wa mabati kwa mlalo, mstari mmoja kila sentimita 30. Ile nafasi kati ya waya na ukuta ni ya hewa kupita. Watu huibana mimea kwenye mawe kana kwamba wanabandika picha, halafu majani ya nyuma yanaoza.

Naombeni mtazame mkono wangu. Hili ni shina la miezi mitatu. Ni la kijani, lina maji, naweza kulipinda hivi lisilalamike. Na hili la mwaka mmoja na nusu: limegeuka kahawia, gumu kama mti. Nikilipinda... mmesikia? Limekatika kwenye kifundo, safi kabisa. Samaki mkunje angali mbichi. Kila wiki pita ukutani ufunge urefu ulioongezeka wiki ile, kabla haujakomaa. Mimi hufungia kamba ya mgomba iliyolowekwa, au utepe wa kitambaa cha leso kuukuu. Usitumie waya mwembamba, unakata shina likinenepa. Zungusha kamba kwenye waya kwanza, uikaze pale. Kisha pishanisha ncha zake, zikutane upande wa pili wa shina, uzifunge kwa ulegevu kiasi cha kidole kupita. Kamba inakuwa kama tarakimu 8, duara moja limeshika waya, duara moja limebeba shina. Upepo wa Februari ukivuma na vumbi lake, shina linacheza ndani ya duara lake wala halijisugui.

Jambo gumu, na najua mtanichukia: miezi minne au mitano ya kwanza, kata kila chipukizi la ua. Kila moja. Shina likitoa maua linapunguza mbio. Na ile ncha ya juu usiiguse mpaka ifike pale unapotaka iishie, iwe ni dirishani au kwenye mabati. Ikifika, ikate. Hapo matawi ya pembeni yatashtuka, uyatandaze kushoto na kulia, na maua yaachiliwe. Jeraniamu ile ya nta itapita mita mbili bila shida. Ile ya kawaida, yenye pete nyeusi kwenye jani, hufika pia, ila polepole, na uzuri wake ni kwamba shina lake la chini hunenepa likawa kama la mti. Waingereza wanaipandisha ndani ya nyumba za vioo, kwa sababu huko nje barafu huiua. Hapa mjini hakuna barafu. Shina la mwaka huu litakuwepo mwaka ujao, na ukuta utajaa juu ya ule wa jana.

Kuna jambo limenikaa moyoni na lazima niliseme mbele ya wakulima wa viazi. Miaka mingi iliyopita nilikwenda kwa mjomba kule Molo nikajaza magunia manne ya udongo mweusi, mzuri wa kutamanisha, kutoka shamba lililovunwa viazi. Nikatia vipandikizi vya jeraniamu. Baada ya wiki chache majani ya chini yakawa ya njano, miche ikalala mmoja mmoja, na maji hayakuisaidia. Nilirudi Molo nikakuta viazi vilivyobaki vinanyauka vilevile. Nikakata shina la kiazi nikalisimamisha ndani ya gilasi ya maji safi. Ukatoka uzi mweupe kama maziwa, ukashuka polepole. Huo ndio mnyauko wa bakteria, Ralstonia. Bakteria huyo hukaa kwenye kiazi, kwenye nyanya, na kwenye jeraniamu. Mwaka 2003 aligunduliwa Marekani kwenye jeraniamu zilizotokana na vipandikizi vya kutoka Kenya, na huko mimea mingi ikateketezwa. Kosa la udongo wa Molo lilikuwa langu. Nawasihi: udongo wa viazi au nyanya usiuguse kwa maua, na jembe lililotoka shamba la viazi lioshwe kabla halijafika ukutani.

Mmoja ameniuliza hapo nje kama jeraniamu dirishani hufukuza mbu. Mafuta yanayokamuliwa kwenye majani ya zile zenye harufu yana kitu ambacho mbu hakipendi. Mmea uliosimama tu hauwafukuzi. Tandika neti, hasa ukiwa unaelekea kulala Kisumu.

Kile kikapu pale mezani ni chenu. Nimekata vipandikizi alfajiri ya leo, vya urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo, kutoka mimea ya kitaluni mwangu ambayo haijawahi kuona udongo wa viazi. Kila mtu achukue viwili. Kidonda cha chini kimeshakauka kikajifunga, kwa hiyo msivitie kwenye maji na msivifunike kwa karatasi ya nailoni, vitaoza. Vitieni kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kabla ya jua la kesho kuwa kali, vimwagilieni mara moja, viacheni kivulini. Baada ya kama wiki tatu vuta kidogo. Kikikataa kung'oka, kina mizizi. Wakati huo uwe umeshapiga misumari.