Kupanga Bustani ya Nyumbani kwa Mboga Zisizozoeleka: Tuanzie kwenye Mbegu

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga bustani ya mboga kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kulima zaidi ya mchicha, chainizi na matembele. Nina hoja moja kubwa, nayo ni kwamba anayetaka kulima mgagani, mlenda, nderema (mboga ya majani inayotambaa), ngwara (jamii ya maharage) au njugu mawe hana budi kupanga mbegu kabla ya kupanga matuta. Duka la pembejeo litamuuzia mbegu za nyanya, kabichi na tikiti bila taabu, lakini akiulizia nderema, mara nyingi ataondoka mikono mitupu. Ngogwe, yaani nyanya chungu, zina nafuu, kwa sababu kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho kimekuwa na ofisi yake ya Afrika mkoani Arusha tangu 1992, kimefanya kazi kubwa juu ya zao hilo, na aina ya Tengeru White inafahamika kwa wakulima wengi. Mazao mengine niliyoyataja bado yanategemea mikono yetu wenyewe.

Hali ya mji wetu mnaijua. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na jumla ya mvua ya mwaka ni kama milimita 1,100, ambayo sehemu kubwa hushuka katika miezi michache tu, kiasi kwamba kiwanja kilichotuama maji mwezi wa nne ndicho kilichokuwa kikavu mwezi wa pili. Udongo katika maeneo mengi ni wa kichanga, nao hupitisha maji haraka na kuondoka na rutuba, kwa hiyo samadi iliyooza vizuri ni ya lazima katika kila tuta. Wenye visima karibu na bahari waonje maji yao kwanza, maana chumvi huunguza miche michanga.

Kichanga hicho tunachokilalamikia ndicho kinachofaa njugu mawe, kwa kuwa maganda yake hukomaa chini ya ardhi na udongo mzito huyasumbua. Zao hili hurutubisha ardhi kwa naitrojeni na kuvumilia ukame, na kwa maoni yangu halijapewa heshima linayostahili katika bustani za mjini. Nderema nayo ipewe uzio au kamba za kupandia, hata mahali penye kivuli cha nusu siku, kwani hustawi katika joto na unyevu wetu na huota kwa urahisi kutokana na pingili. Ngwara hutambaa vilevile, ila punje zake zilizokauka zichemshwe sana na maji yake yamwagwe, kwa sababu zikiwa mbichi zina sumu. Ngogwe husiwa kitaluni, huhamishwa baada ya wiki 5 au 6, na kila mche hupewa nafasi ya sentimita 60 au zaidi. Zisifuate tuta lililotoka nyanya, bilinganya au mnafu, kwa kuwa zote ni jamii moja na minyoo fundo, vijidudu vinavyoshambulia mizizi na kuifanya ivimbe, huzidi kuongezeka katika udongo wa kichanga.

Sasa nirudi kwenye mbegu, ambako ndiko watu wengi hukwama. Mgagani huchumwa wiki 4 hadi 6 tangu kusiwa, nao husiwa moja kwa moja tutani kwa sababu mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Mkulima anayevuna majani yote hana mbegu za msimu ujao, hivyo tangu siku ya kwanza achague miche michache yenye afya na majani mapana, aiwekee alama ya utepe na asiiguse hadi itoe maua. Vitumba vyake vya mbegu ni virefu na vyembamba. Vikianza kugeuka manjano vichumwe mara moja, kwa kuwa vikikauka mtini hupasuka kwa kuguswa kidogo tu na kumwaga mbegu zote ardhini. Mbegu yenyewe ni nyeusi, ina mikwaruzo, na imejikunja kama konokono mdogo sana. Ikisiwa ikiwa mpya huota kwa shida, kwani huhitaji kupumzika miezi kadhaa, na mwanga huizuia kuchipua, hivyo ifunikwe kwa udongo mwembamba badala ya kuachwa juu ya tuta.

Mlenda una tatizo tofauti, maana ganda la mbegu yake ni gumu na halipitishi maji. Mbegu zifungwe katika kitambaa chepesi, zichovywe kwa sekunde 10 hivi katika maji yanayokaribia kuchemka, kisha zitandazwe zipoe na kukauka kabla ya kusiwa. Nderema haina shida hiyo. Tunda lake jeusi la zambarau hukamuliwa, mbegu ikaoshwa na kukaushwa kivulini, ingawa rangi yake hushika vidoleni siku nzima.

Adui mkubwa wa mbegu hapa Dar es Salaam ni unyevu wa hewa. Mbegu iliyoachwa kwenye mfuko wa plastiki kabatini hupoteza uhai mapema, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Tumieni chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mkaange mchele ukauke kabisa, muuache upoe, muuweke ndani, chini kabisa ya chupa, na juu yake mbegu zilizo ndani ya bahasha za karatasi zenye jina la zao na mwezi wa kuvuna. Mwenye friji aihifadhi humo, na akiitoa aiache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, ili unyevu usitulie juu ya mbegu.

Tumebakiwa na wiki chache kabla ya masika. Kila mmoja achukue mbegu 10 za zao analokusudia, azikunje katika kitambaa chenye unyevu, akiweke mahali penye joto na kukikagua kila siku kwa wiki moja. Zikichipua 8, asie kwa kipimo cha kawaida. Zikichipua 4, asie mara mbili. Na zikishindwa zote, ana muda wa kutosha wa kumwendea jirani mwenye mbegu kabla ya mvua ya kwanza.