Brussels: kabla hujalipia chumba, angalia utarudije usiku

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Wengi wenu mnaenda kusoma, wengine kutembelea ndugu, na tangu nimeingia humu nimeshaulizwa mara tatu eti Molenbeek, wilaya mojawapo ya Brussels, ni hatari. Nitafika huko, ila nianze na begi langu.

Safari yangu ya kwanza Ubelgiji nilikuwa kwenye treni, begi la laptop nimeliweka juu ya kichwa pale pa mizigo, treni ikasimama stesheni fulani, jamaa mmoja kavaa koti zuri tu akagonga dirisha kwa nje ananionyesha mkono wake, kama anauliza saa ngapi. Mi na adabu zangu za kwetu nikainua mkono nimwonyeshe saa. Milango ikafungwa, treni ikaondoka, nageuka begi hakuna. Mwenzake alikuwa nyuma yangu muda wote. Hakuna kisu, hakuna aliyenigusa, na yule wa dirishani nilikuwa nimemwambia saa kwa usahihi kabisa.

Kule wizi mwingi ndio huo, mtu anakushughulisha. Anakuja na karatasi usaini, au anakumwagia kitu kwenye koti halafu yeye mwenyewe anakusaidia kufuta. Na sehemu ya kuwa macho kuliko zote ni stesheni ya Midi, maana treni za London na Paris zinasimama pale, na mgeni anajulikana tu kwa masanduku na anavyotazama juu kusoma vibao. Vibao vyenyewe vinachanganya, Bruxelles-Midi na Brussel-Zuid ni stesheni ileile, moja Kifaransa moja Kiholanzi, na kuna watu wamepitilizwa kwa sababu walikuwa wanasubiri kusikia "Midi". Kwa hiyo jina lisome kabla hujapanda, ukishashuka pale usisimame katikati na simu mkononi.

Sasa chumba. Watu wanaangalia bei na picha za kitanda. Mi nasema angalia njia ya kutoka kituoni hadi mlangoni, saa tano usiku, mvua inanyesha, uko peke yako. Fungua ramani upite hiyo njia kwa picha za barabarani. Kuna maduka? Kuna watu wanakaa pale au ni ukuta wa reli mwanzo mwisho? Mfano stesheni ya Gare du Nord, upande wa mbele ni maghorofa ya maofisi, ukitokea upande wa nyuma uko rue d'Aerschot, wanawake wamekaa madirishani na wanaume wanazunguka usiku kucha. Stesheni moja, milango miwili tofauti, na hoteli ya bei rahisi haitakwambia iko mlango upi.

Metro inafunga karibu na saa sita usiku, na mabasi ya usiku ni Ijumaa na Jumamosi tu. Mtu aliyepanga mbali kwa bei poa, siku ya Jumanne akichelewa hela yote inaishia kwenye teksi.

Kwa mgeni mi napenda Ixelles, upande wa Flagey, au Etterbeek. Mitaa ya Umoja wa Ulaya pale Schuman ni salama na wikiendi hoteli zinashuka bei maana wakubwa wamerudi kwao, ila Jumapili hata mkate utautafuta. Matonge, mtaa wa Wakongo, je? Kutoka Midi ni vituo vinne vya metro, unashuka Porte de Namur. Utakula pondu, yaani kisamvu, utasukwa nywele, na kwenye Kilingala kingi utasikia Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi. Mchana raha tupu. Kulala pale kelele.

Molenbeek ndio hiyo. Jina lilichafuka baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Paris 2015, maana baadhi ya waliohusika walitokea pale, lakini mabomu ya Machi 22, 2016 yalilipuka uwanja wa ndege na metro ya Maelbeek, hii ya pili huko huko kwa wenye tai wa Umoja wa Ulaya. Na mwaka 2025 risasi za mambo ya madawa zilipigwa metro ya Clemenceau, Anderlecht, kituo kimoja tu kutoka Midi, nani aliniuliza Anderlecht leo? Hakuna. Molenbeek kuna familia zinaishi na soko zuri tu, kuna na kona za kuuzia madawa. Uliza mtaa, usiulize wilaya.

Mama pale? Eeh, pasipoti. Hapana mama, usimshonee mwanao ndani ya nguo, polisi wana haki ya kumuomba karatasi, sasa atavua mbele za watu? Iwe mfuko wa ndani wenye zipu, na kopi ibaki chumbani. Ila akija mtu wa kiraia anajiita polisi halafu anataka pochi ahesabu hela, huyo si polisi, aingie dukani apige 112.