Mwacheni Mtahiniwa Alale

Mhadhara kwa wazazi na walezi wa watahiniwa wa Kidato cha Nne, Buruburu, Nairobi

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi, hamjambo.

Walionisikia mwaka jana wanajua nimekuja kusema nini, na waliokuwa hapa mwaka juzi wanaweza kulisema kwa niaba yangu. Nalirudia kwa sababu bado halifanyiki. Mtahiniwa alale. Wiki za KCSE, mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne, mtoto awe amelala saa tatu usiku, na shughuli zote za nyumba zipangwe kuanzia hapo.

Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Saa tatu, Nairobi? Mama, tufanye hesabu pamoja. Karatasi ya asubuhi huanza saa mbili. Mtoto wa shule ya kutwa anayetoka mtaa wa Kayole au Umoja, akitaka kufika mapema na kutulia, lazima awe njiani saa kumi na mbili, hasa mwezi huu wa Novemba. Mvua ya vuli ikinyesha barabara hufurika, matatu hazisogei na nauli hupanda. Kwa hiyo anaamka saa kumi na moja alfajiri. Wataalamu wa usingizi wa American Academy of Sleep Medicine wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 apate usingizi wa saa 8 hadi 10. Toa zile 8 za chini kabisa kutoka saa kumi na moja, unapata saa tatu usiku. Sijaongeza hata dakika ya anasa.

Na usiniambie mtoto wako hana usingizi saa hiyo. Mwili wa kijana wa umri huo huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouambia ubongo kwamba usiku umefika. Ndiyo maana mdogo wake wa miaka minane anasinzia kwenye sahani ya ugali na yeye yuko macho makavu. Kumwacha akeshe kwa sababu yuko macho ni kumwachia mwili wake kazi ambayo mzazi angeweza kumsaidia: zima televisheni, punguza taa, simu ilale chumbani kwa mama.

Sasa nitawaeleza juu ya binti mmoja niliyemfundisha kemia. Sitamtaja jina wala shule. Nitachukua muda kidogo, mnivumilie, kwa sababu kila ninachotaka kusema kimo ndani yake.

Alikuwa mwanafunzi wa bidii, wa kutwa, akiishi Umoja katika nyumba ya sebule na chumba kimoja. Mnazijua nyumba hizo. Wazazi na kitinda mimba wako chumbani, na watoto wakubwa wanalala sebuleni, godoro linatandikwa wageni wakishaondoka. Mama yake alikuwa akiuza mboga soko la Mutindwa, na mchuuzi wa mboga huamka saa tisa usiku ili awahi bidhaa soko kuu la Marikiti kabla hazijachaguliwa. Baba yake alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Hawa si wazazi wazembe. Nataka mlisikie hilo vizuri, kwa sababu nikizungumzia jambo hili kuna watu hufikiri nawasema walevi na wasiojali. Nazungumzia watu wanaowapenda watoto wao kiasi cha kutolala wenyewe.

Wiki ile ya mtihani, Jumatatu, kamati ya harusi ya mjomba wake ilikutana sebuleni kwao. Watu wema, wamekuja na michango yao. Binti akapika chai, akagawa mikate, akaosha vikombe. Wageni wakaondoka karibu saa tano, wakimwombea baraka za mtihani mlangoni. Ndipo alipofungua daftari, kwa sababu godoro lake lilikuwa limekaliwa jioni nzima. Jumanne ilikuwa zamu ya mtaa wao kupata maji. Wote hapa tunaishi kwa ratiba ya mgao, na tunajua maji huja saa yanayopenda yenyewe. Yalikuja usiku wa manane. Baba yuko lindoni, mama anaamka saa tisa, kwa hiyo nani atajaza mapipa? Mkubwa. Alijaza mapipa na mitungi yote hadi saa nane usiku. Jumatano mdogo wake alishikwa na homa, akalia usiku kucha, mita mbili kutoka godoro lake. Alhamisi wakaenda kesha la kuwaombea watahiniwa.

Ijumaa ikawa kemia ya vitendo.

Walimu wa kemia mlioko hapa mnajua karatasi hiyo, namba 233/3, huchukua saa mbili na robo, alama 40. Mtahiniwa anadondosha myeyusho kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, tone kwa tone, na tone moja ndilo linalobadilisha rangi. Ukisinzia kidogo umelipita. Anarudia mara tatu na vipimo vyake vikaribiane. Zoezi hilo huitwa titresheni. Mwalimu wa somo naye huifanya hiyohiyo, na jibu lake hutumika kupima usahihi wa watahiniwa wa shule yake. Kwa hiyo jibu nililijua. Na nilimwona akiipita rangi, akaanza upya, akaipita tena. Mara ya tatu alisahau kusoma bureti kabla ya kufungua. Alijua kemia yote iliyokuwa kwenye karatasi ile. Miezi miwili nyuma nilimpa titresheni kama hiyo, na vipimo vyake vilikuwa vizuri kuliko vya mvulana aliyeongoza darasa. Lakini ndani ya mtihani huruhusiwi kumsemesha mtoto hata neno moja. Unasimama tu unaangalia mkono unaotetemeka.

Baadaye binti mwenyewe alinisimulia wiki yake, na mama yake akanieleza yale yale, analia. Nikamwambia mama, na nawaambia ninyi: hakuna hata moja kati ya shughuli zile iliyokuwa mbaya. Harusi ni njema. Maji lazima yachotwe. Mtoto mgonjwa abebwe. Maombi ni maombi. Ubaya ni kwamba zote zilimwangukia mtu mmoja, usiku, na huyo mtu ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa na kazi ambayo mtu mwingine hawezi kumfanyia.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Wazazi wa Nairobi huja kuniuliza mtoto asome nini usiku wa mwisho. Niulizeni nani atalala sebuleni! Katika nyumba zetu saa ya mtoto kulala haiamuliwi na mtoto. Inaamuliwa na yeyote aliyekalia kochi.

Sasa majibu yenu, kwa sababu nayajua.

Kuna baba atasema: sisi tulisoma kwa koroboi, tukafaulu. Baba, ni kweli, nami nilisoma kwa koroboi. Lakini mafuta yalikuwa yakipimwa. Shosho, bibi yangu, akiona utambi unakunywa sana alizima, na kijiji kizima kilikuwa kimelala saa tatu. Tulilala kuliko watoto hawa! Koroboi lilikuwa na mwisho wake, na balbu ya stima haina, mpaka tokeni za umeme ziishe.

Kuna atakayesema: mbona shule za bweni zinawaamsha saa kumi kwa masomo ya alfajiri? Zinakosea. Nimewaambia walimu wakuu wake uso kwa uso, na nitaendelea kuwaambia. Kosa la mwenye kengele halihalalishi la mwenye nyumba.

Na kuna hili, ambalo huniudhi kuliko yote: mtoto wangu amezembea miaka minne, sasa ukimwambia alale si ndiyo basi? Mzazi mwenzangu, masomo saba au nane ya miaka minne hayarudishwi kwa usiku mmoja. Kinachoweza kuokolewa ni kile kidogo alichokishika, na hicho kinaokolewa na usingizi. Ubongo hufanya kazi wakati mtu amelala. Yaliyosomwa mchana hupangwa na kuhamishiwa mahali pa kudumu, na ukimnyima mtoto usiku ule umemnyima hata zile kurasa alizosoma jioni. Halafu unampeleka kwenye Hisabati, karatasi inayochukua saa mbili na nusu, alama 100, hatua baada ya hatua, ambapo alama moja ya kutoa ikisahaulika swali zima linapotea. Aliyezembea ndiye anayehitaji kulala zaidi. Hana akiba ya kupoteza.

Kuhusu kesha nitasema kwa heshima, maana mimi ni muumini na mchungaji wangu yuko humu ndani. Waombeeni watoto saa kumi na moja jioni, muwawekee mikono, muwaruhusu waende nyumbani. Wazazi wenye nguvu wabaki wakeshe kwa niaba yao. Sijaona andiko linalotaka mtahiniwa mwenyewe awepo saa tisa usiku.

Na msiba? Msiba haungoji mtihani, najua. Kama matanga yamewafikia, mtoto ahamie kwa shangazi au kwa jirani mnayemwamini hadi karatasi ziishe. Si kumtenga na familia. Atalia na ninyi, na atazika na ninyi, ila usiku alale mahali pasipo na watu hamsini na chungu jikoni.

Wasichana. Hapa nitakuwa mkali. Katika nyumba yenye mtahiniwa wa kike na kaka mwenye miguu na mikono, bado ni yule wa kike anayepika na kuosha vyombo wiki ya mtihani, huku mvulana anaangalia mpira. Mvulana wa miaka 13 anaweza kukatakata sukuma wiki, anaweza kusonga ugali, anaweza kubeba mtungi wa lita 20 kupanda ngazi. Na baba pia anaweza.

Naambiwa zimebaki dakika chache, kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio. Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu: kafeini ya saa kumi na mbili jioni, nusu yake bado imo mwilini karibu saa tano usiku. Msimpe. Chakula cha asubuhi kiwe kile alichozoea, kama ni chai na viazi vitamu iwe hivyo. Siku ya karatasi si siku ya kujaribu tumbo. Karatasi zinazouzwa kwenye Telegram usiku wa manane ni utapeli, na hata kuwa na karatasi ya mtihani bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, ya 2012, lakini hata kama hakuna sheria: mtoto aliyekesha kukariri majibu ya uongo amepoteza usiku na pesa zako. Msimuulize aliandika nini akirudi. Karatasi imekwenda, na kesho iko nyingine. Nilikuwa na maneno kuhusu Fasihi na Insha, mwalimu wa Kiswahili atawaeleza.

Mzee mmoja ameniletea kijikaratasi: haya yote yanaisha, walioandika KCPE, mtihani wa Darasa la Nane, ya mwisho 2023 watafanya KCSE ya mwisho 2027. Kweli kabisa, mzee. Wa CBE, mtaala mpya wa umilisi, nao watafanya mtihani wa kitaifa mwishoni mwa Gredi ya 12, na watarudi kulala katika sebule hizi hizi.

Hapo mezani kuna karatasi zenye mistari na kalamu. Kila familia ichukue moja. Upande wa kushoto andikeni usiku wote wa wiki ya kwanza, Jumapili hadi Alhamisi. Mbele ya kila usiku muandike majina: nani atajaza maji yakija, nani atapika, nani ataamka na mtoto mdogo, na wageni watapokelewa nyumba gani. Jina la mtahiniwa lisionekane popote. Mkishindwa kupata jina la kuandika usiku fulani, msiondoke. Muulizeni jirani aliyeketi kando yenu, pengine mgao wake wa maji ni siku nyingine na mwanawe ameshamaliza shule. Nitapita kwenye viti nikiangalia. Tuanze na Jumanne.